Mataji 10 ya Denver: yamo nini ndani ya namba hiyo?

Tarehe 13 Aprili 2024, mjini St. Paul katika jimbo la Minnesota, timu ya hoki ya barafuni ya Chuo Kikuu cha Denver iliifunga Boston College mabao 2-0 na kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani kwa mara ya 10. Kabla ya hapo Denver na Michigan zilikuwa zimelingana kwa mataji tisa kila moja. Usiku huo Denver ikapanda kileleni peke yake.

Miaka yenyewe ni hii: 1958, 1960, 1961, 1968, 1969, 2004, 2005, 2017, 2022 na 2024. Katikati kuna pengo la miaka 35, na pengo hilo linagawa orodha katika nusu mbili zilizo sawa. Mashabiki wakibishana nani mkubwa katika hoki ya vyuo, namba 10 hutupwa mezani na mjadala ukaishia hapo. Lakini mataji matano ya kwanza na matano ya mwisho yalipatikana katika mashindano ya ukubwa tofauti, kwa wachezaji waliotoka sehemu tofauti, chini ya kanuni tofauti. Ukiifungua namba hiyo unakutana na ugomvi ambao hoki ya vyuo haijawahi kuumaliza: nani anaruhusiwa kuichezea timu ya chuo?

Kwanza mchezo

Uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26 hivi, umezungushiwa ukuta mfupi wenye kona za mviringo. Kila timu huwa na kipa mmoja na wachezaji watano wa ndani, yaani mabeki wawili na washambuliaji watatu. Kinachopigwa si mpira wa duara bali kisahani cha mpira mgumu, kipenyo sentimita 7.6, unene sentimita 2.5, uzito wa gramu 160 hivi. Kisahani hugandishwa kabla ya mechi, kwa kuwa kikipata joto huanza kudunda badala ya kuteleza na pasi zote huharibika.

Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila filimbi inapolia. Hakuna anayeweza kukimbia kwa kasi ile dakika 20 mfululizo. Wachezaji hubadilishana kila baada ya sekunde 40 hadi 50, mara nyingi mchezo ukiwa unaendelea, kwa kuruka ukuta wa benchi. Hapa ndipo timu changa huumia. Ukibadilisha wakati mpinzani ana kisahani katikati ya uwanja, kwa sekunde tatu au nne unakuwa na watu wawili wanaokimbilia benchi na wawili ambao hawajaingia kwenye mchezo, na mpinzani anamjia kipa wako watatu dhidi ya mmoja. Kwa hiyo kanuni ni kukisukuma kisahani hadi nyuma ya lango la mpinzani kwanza, ndipo mtoke. Kipindi cha pili ni kigumu zaidi kwa jambo hili. Timu zinapobadilishana magoli, benchi linakuwa mbali na lango unalolilinda, na mabeki waliobanwa nyuma hushindwa kulifikia. Wanabaki barafuni dakika nzima au zaidi, miguu inakuwa mizito, bao linaingia.

Kosa dogo humtoa mchezaji kwa dakika mbili, kosa kubwa dakika tano, na timu yake hucheza pungufu muda huo. Katika adhabu ya dakika mbili, mpinzani akifunga, aliyefungiwa anarudi. Timu haiwezi kupungua chini ya wachezaji watatu wa ndani hata ikifanya makosa mengine. Adhabu inayozidi husubiri zamu yake. Kocha naye anaruhusiwa kumtoa kipa wakati wowote na kuingiza mshambuliaji wa sita, hatari ambayo kwa kawaida huchukuliwa dakika za mwisho timu ikiwa nyuma. Kumbuka kanuni hizi mbili, maana fainali ya 2004 ilizikutanisha.

Vyuoni kila mchezaji huvaa kinga inayofunika uso mzima, na anayepigana hutolewa na kukosa mechi inayofuata. Mechi za ligi kwa kawaida huchezwa Ijumaa na Jumamosi dhidi ya mpinzani yuleyule, ili wanafunzi wabaki darasani siku nyingine za wiki.

Jengo la jeshi na kocha kutoka Regina

Timu ya Denver ilianza msimu wa 1949-50. Uwanja wake wa kwanza ulikuwa ukumbi wa mazoezi ya gwaride wa jeshi la majini uliobaki bila kazi huko Farragut, jimbo la Idaho, baada ya Vita Kuu ya Pili. Chuo kiliununua, ukafunguliwa vipandevipande, ukasafirishwa na kujengwa upya Denver, chini yake ikatandazwa barafu. Ulitumika hadi ulipobomolewa mwaka 1997, na nafasi yake ikachukuliwa na Magness Arena uliofunguliwa mwaka 1999, wenye viti 6,000 hivi.

Kilomita zipatazo 110 kusini mwa Denver, mjini Colorado Springs, ndiko mashindano ya taifa yalikozaliwa mwaka 1948, na yaliendelea kuchezwa hukohuko hadi 1957. Colorado College, jirani wa mji huo, ilikuwa bingwa mwaka 1950 na tena 1957. Denver iliingia kwenye mchezo ikiwa na mpinzani mkubwa mlangoni, na hadi leo mechi za timu hizi mbili ndizo zinazojaza viti kuliko zote.

Mwaka 1956 chuo kilimwajiri Murray Armstrong, Mkanada aliyewahi kucheza NHL, ligi kuu ya kulipwa, kisha akafundisha timu ya vijana ya Regina Pats huko Saskatchewan. Armstrong alijua jambo moja ambalo vyuo vingi vya Marekani vilikuwa havijalitumia ipasavyo: katika miji midogo ya magharibi mwa Kanada kulikuwa na vijana wa miaka 19, 20 na 21 waliomaliza ligi za vijana, NHL haikuwa na nafasi kwao kwa sababu ilikuwa na timu sita tu, na hawakuwa na fedha za kwenda chuoni. Aliwapa ufadhili wa masomo. Msimu wake wa pili, mwaka 1958, Denver ilikuwa bingwa kwa kuifunga North Dakota 6-2 mjini Minneapolis, kwa kikosi ambacho karibu chote kilitoka Kanada.

Ligi ya magharibi ilivunjika mwaka huohuo. Minnesota, Michigan, Michigan State na Michigan Tech zilijitoa kwa kupinga vyuo kuwasajili Wakanada waliozidi umri wa kawaida wa mwanafunzi anayeanza masomo. Aliyelipinga jambo hili kwa sauti kubwa kuliko wote ni John Mariucci, kocha wa Minnesota, aliyeamini kwamba nafasi za vyuo vya Marekani ni za vijana wa Marekani. Kwa miaka mingi Minnesota ilikataa kabisa kupanga mechi za kawaida na Denver.

Mariucci alikuwa na hoja. Kijana wa miaka 18 aliyetoka sekondari anapogongana ukutani na mwanaume wa miaka 21 aliyecheza misimu mitatu ya ligi ya vijana, kila msimu wa mechi 60 au zaidi, tofauti ni ya mwili, akili na mazoea. Lakini Armstrong hakuvunja kanuni iliyokuwapo, na wachezaji wake walisoma na kuhitimu. Kwa mtazamo wetu, aliona mlango uliokuwa wazi kwa kila mtu akawa wa kwanza kuutumia kwa mpango.

Mwaka 1960 Denver iliifunga Michigan Tech 5-3 mjini Boston. Mwaka uliofuata likaja lile kundi ambalo wazee wa mchezo bado hulitaja: ushindi 30, kipigo kimoja, sare moja, na fainali ya 12-2 dhidi ya St. Lawrence mbele ya mashabiki wao nyumbani. Mchezaji bora wa mashindano hayo alikuwa mshambuliaji Bill Masterton. Alifika NHL akiwa na umri mkubwa kidogo, ligi ilipoongeza timu mwaka 1967, akajiunga na Minnesota North Stars. Tarehe 13 Januari 1968, akicheza bila kofia ngumu kama walivyocheza wengi wakati huo, aligongwa, akaanguka chali na kichwa kikapiga barafu. Alifariki siku mbili baadaye. Ndiye mchezaji pekee wa NHL aliyekufa moja kwa moja kwa jeraha la mechini, na tuzo ya ustahimilivu na uungwana ya ligi hiyo ina jina lake. Hata hivyo, NHL ilingoja hadi 1979 kuwalazimisha wachezaji wapya kuvaa kofia.

Jambo jingine la mwaka 1961 husahaulika, nalo ni zito kuliko alama 12-2. Januari mwaka huo Chuo Kikuu cha Denver kilifuta timu yake ya futiboli ya Kimarekani kwa sababu ya gharama. Katika vyuo vingi vya Marekani futiboli ndiyo inayomeza bajeti, matangazo na hisia za wanafunzi. Hoki huwa mchezo wa tatu au wa nne. Denver ikabaki bila futiboli, na hadi leo haina. Mwanafunzi anayetafuta mahali pa kwenda kushangilia timu yake majira ya baridi huenda kwenye barafu. Kijana wa miaka 17 anayechagua chuo anajua kwamba hapo hoki haitakaa nyuma ya mchezo wowote, na kocha anajua kwamba akiomba vifaa au nafasi ya mazoezi hatasubiri foleni. Ukiuliza kwa nini chuo binafsi cha ukubwa wa wastani kinavipita vyuo vya serikali vyenye wanafunzi mara tano au sita zaidi, anzia hapa.

Armstrong aliongeza mataji mengine mawili, 4-0 dhidi ya North Dakota mjini Duluth mwaka 1968, na 4-3 dhidi ya Cornell mwaka 1969, ambapo langoni mwa Cornell alisimama Ken Dryden, kipa aliyekuja kuwa nguzo ya Montreal Canadiens.

Mechi mbili au mechi nne

Enzi za Armstrong, timu nne tu ndizo zilizokwenda kwenye mashindano ya taifa: mbili za magharibi na mbili za mashariki. Ukishinda nusu fainali na fainali, wewe ni bingwa. Mashindano yalianza kupanuka mwaka 1977, yakafikia timu nane, kisha 12, na tangu 2003 ni timu 16. Leo bingwa lazima ashinde mechi nne mfululizo: mbili za mkoa wikiendi moja, halafu nusu fainali na fainali katika hatua inayoitwa Frozen Four, wiki mbili baadaye. Hakuna marudiano. Mabingwa wa ligi huingia moja kwa moja na waliobaki huchaguliwa kwa hesabu ya kompyuta inayopima matokeo pamoja na ugumu wa wapinzani.

Kwa hiyo mataji matano ya Armstrong yalihitaji ushindi wa mechi 10 za mtoano. Matano ya tangu 2004 yalihitaji 20. Usikimbilie kusema ya zamani yalikuwa rahisi. Kuingia kwenye zile nafasi mbili za magharibi, katika eneo lenye Michigan, North Dakota na Michigan Tech, kulikuwa kugumu kuliko kuingia 16 bora leo; timu ambayo leo ingeingia bila wasiwasi ikiwa ya nne katika eneo lake, wakati ule ilibaki nyumbani. Ugumu umehama kutoka msimu mzima kwenda kwenye wikiendi mbili. Timu bora ya mwaka huo ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa bingwa mwaka 1961 kuliko leo, maana leo inatakiwa kukwepa usiku mbaya mara nne.

Wengine huyaeleza mafanikio haya kwa mwinuko. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Nairobi, na timu zinazotoka miji ya chini hulazimika kufupisha zamu zao ili zipate pumzi. Hilo husaidia mechi za ligi nyumbani. Lakini angalia fainali zilikochezwa: Minneapolis, Boston, Denver, Duluth, Colorado Springs, Boston, Columbus, Chicago, Boston, St. Paul. Nane kati ya kumi zilikuwa katika miji ya chini. Hewa nyepesi haikusafiri nao.

Miaka 35

Ugomvi wa Mariucci haukufa. Miaka ya 1970 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ilikaza kanuni zake kuhusu wachezaji waliopitia ligi za vijana za Kanada, ambako vijana walipewa posho na marupurupu. Denver ilicheza fainali ya 1973 ikafungwa na Wisconsin 4-2, na baadaye ushiriki wake wa mwaka huo ukafutwa rasmi kwa sababu chuo kilikataa kuwatangaza wachezaji wake kuwa hawana sifa. Adhabu iliendelea kuuma: mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya Armstrong kustaafu, timu ilimaliza ya kwanza kwenye ligi yake lakini ikazuiwa kwenda kwenye mashindano ya taifa.

Faida ya kwanza ilikuwa imekwisha hata bila adhabu. Vyuo vyote vilijua sasa njia ya Kanada, NHL ilikuwa imeongeza timu ikawa inawachukua vijana ambao zamani wangekwenda chuoni, na Marekani yenyewe ilianza kuzalisha wachezaji wazuri. Ralph Backstrom, aliyekuwa nyota wa Montreal, aliifikisha Denver nne bora mwaka 1986, na hiyo ndiyo nuru kubwa katika kipindi chote hicho.

George Gwozdecky alichukua timu mwaka 1994. Alikuwa ameshashinda ubingwa wa vyuo kama mchezaji wa Wisconsin mwaka 1977 na kama kocha msaidizi wa Michigan State mwaka 1986. Alichanganya Wakanada kutoka ligi zisizogombana na NCAA, hasa British Columbia, na Wamarekani. Ilimchukua miaka 10.

Watatu dhidi ya sita

Boston, tarehe 10 Aprili 2004, fainali dhidi ya Maine. Gabe Gauthier aliifungia Denver kipindi cha kwanza. Maine nayo iliingiza bao, lakini waamuzi walilitazama kwenye video na kulifuta kwa sababu mguu wa mchezaji wa Maine ulikuwa ndani ya eneo la kipa, lile nusu duara la samawati mbele ya lango. Wakati ule kanuni ya vyuo ilikuwa kali hivyo. Matokeo yakabaki 1-0 hadi dakika ya mwisho-mwisho, na hapo Denver ikapata adhabu mbili karibukaribu. Ikabaki na watatu. Maine ikamtoa kipa wake. Sita dhidi ya watatu, kwa zaidi ya dakika moja, taji likiwa mezani.

Makocha wengi hufundisha maisha yao yote bila kukutana na hali hiyo kwenye fainali, kwa hiyo inafaa kueleza inachezwaje. Wanaolinda watatu hujipanga pembetatu karibu na kipa, mmoja juu na wawili chini. Hawamfuati mwenye kisahani pembeni, kwani ukitoka mita tatu tu njia ya pasi ya kwenda mbele ya lango inafunguka. Gongo, ile fimbo ya kuchezea, hulazwa chini kuziba pasi ya kukatiza, siyo kuinuliwa. Aliye juu huangukia mashuti ya mbali kwa mwili. Kipa huwaachia wenzake pasi za katikati na yeye hubaki na kazi moja, kuuona mpigo wa kwanza. Tatizo lake kubwa ni wapinzani wawili wanaosimama mbele ya macho yake. Na mara kisahani kinapomfikia mlinzi yeyote, hapambi mchezo: anakirusha uwanja mzima, jambo ambalo kwa timu iliyokamilika ni kosa, lakini timu iliyo pungufu inaruhusiwa. Kila mrusho wa namna hiyo hula sekunde 10 hadi 15 za mpinzani kurudi, kukusanyika na kujipanga upya. Kinachoharibu ulinzi huu ni gongo kuvunjika, kwa sababu aliyevunjikiwa anabaki kuzuia kwa miguu tu, au mlinzi wa juu kuvutwa pembeni na hasira ya kutaka kukinyakua kisahani.

Denver haikuvutwa. Kipa Adam Berkhoel aliokoa mashuti yote 24 ya mechi hiyo, na pengo la miaka 35 likafungwa.

Mwaka 2005 mjini Columbus timu zote nne za nusu fainali zilitoka ligi moja, WCHA, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Denver iliichapa jirani yake Colorado College 6-2, kisha North Dakota 4-1. Mwaka 2006 beki Matt Carle akawa mchezaji wa kwanza wa Denver kupata Hobey Baker, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Wa pili, Will Butcher wa mwaka 2017, naye ni beki. Hilo halishangazi kwa timu hii: mashambulizi yake yamezoea kuanza kwa beki anayetoka na kisahani kwenye gongo lake, akiinua kichwa kutafuta pasi.

Kazi ya kujenga upya kila mwaka

Ili kuyaelewa mataji matatu ya mwisho, lazima kuelewa kitu kimoja kinachoitofautisha hoki na michezo mingine ya vyuo Marekani. Klabu za NHL huchagua vijana wakiwa na miaka 18, lakini aliyechaguliwa si lazima aende. Anaweza kuingia chuoni au kubaki huko, klabu ikiendelea kushikilia haki ya kumsajili. Kocha wa chuo kwa hiyo anafundisha wachezaji ambao kwa namna fulani ni mali ya mtu mwingine. Mechi ya mwisho ya msimu ikiisha, simu zinaanza. Baada ya taji la 2022, Bobby Brink alisaini Philadelphia na Carter Savoie akasaini Edmonton. Kocha hana la kupinga.

Timu inayotegemea vijana wenye vipaji vikubwa peke yake huvunjika kila masika. Inayotegemea wakubwa peke yao, waliosubiri hadi miaka 20 au 21 kwenye ligi za vijana ndipo wakaingia chuoni, huwa imara lakini hukosa wa kuamua mechi. Ustadi wa Denver wa miaka ya karibuni uko kwenye uwiano huo.

Jim Montgomery, aliyeanza 2013, ndiye aliyeuweka. Mwaka 2017 mjini Chicago Denver iliifunga Minnesota Duluth 3-2, mabao yote matatu yakiwa ya Jarid Lukosevicius. Montgomery alipokwenda kufundisha Dallas Stars mwaka 2018, chuo kilimkabidhi timu msaidizi wake David Carle, mdogo wa yule beki Matt Carle, akiwa na miaka 28.

Carle hakuwahi kucheza mechi hata moja ya chuo. Mwaka 2008, akiwa kijana anayetarajiwa kuchaguliwa NHL, vipimo viligundua kwamba misuli ya moyo wake ni minene kupita kawaida, ugonjwa unaoweza kuua ghafla uwanjani. Akaacha kucheza. Tampa Bay walimchagua hata hivyo katika raundi ya saba kama heshima kwake, na Denver ikaheshimu ufadhili wa masomo iliokuwa imemwahidi. Akajiunga na benchi la ufundi akiwa mwanafunzi. Ahadi ile kwa kijana ambaye asingeweza tena kuifungia timu bao ndiyo iliyompa Denver kocha wa mataji mawili.

La 2022 lilipatikana Boston. Denver ilikuwa nyuma 0-1 dhidi ya Minnesota State baada ya vipindi viwili, ikibanwa hadi kushindwa kupiga mashuti. Kipindi cha tatu ikafunga mabao matano, bao la kuongoza likipigwa na beki Mike Benning.

La 2024 ndilo linalofundisha zaidi. Msimu huo Denver ilikuwa miongoni mwa timu zilizofunga mabao mengi kuliko zote nchini. Ilipofika mtoano ikashinda 2-1 dhidi ya Massachusetts baada ya nyongeza mbili, 2-1 dhidi ya Cornell, 2-1 dhidi ya Boston University kwa nyongeza, na 2-0 kwenye fainali dhidi ya Boston College iliyokuwa namba moja nchini na imejaa wachezaji waliochaguliwa raundi ya kwanza ya NHL. Mechi nne, mabao manane ya kufunga, matatu ya kufungwa. Kipa Matt Davis aliokoa mashuti 35 katika fainali na kutangazwa mchezaji bora wa Frozen Four. Timu inayojua kushinda 6-3 Ijumaa ya Novemba iliweza kukaa miezi mitano baadaye na bao moja la kuongoza bila kuhangaika. Huo ni uamuzi wa kocha: kupunguza beki wanaopanda, kutoa kisahani kwa ukuta badala ya katikati, kukubali shuti la mbali ili kulinda mbele ya lango. Mwaka uliofuata njia hiyohiyo iliifikisha tena Frozen Four, ikatolewa na Western Michigan 3-2 katika nyongeza ya pili, na Western Michigan ndiyo ikawa bingwa.

Mlango wa Kanada umefunguliwa tena

Novemba 2024 NCAA iliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti 2025 wachezaji wa ligi tatu kuu za vijana za Kanada wanaweza kuchezea vyuo vya daraja la kwanza. Kwa miongo mingi walihesabiwa kuwa wa kulipwa, kwa sababu ya posho zao na kwa sababu ligi hizo zina vijana waliokwisha kusaini mikataba ya NHL. Uamuzi huu unagusa moja kwa moja swali lililovunja ligi ya magharibi mwaka 1958, safari hii kwa kila chuo kwa wakati mmoja. Wanaoumia kwanza ni vijana wa kawaida wa miaka 20 kutoka ligi za vijana za Marekani na British Columbia, ambao nafasi zao kwenye kikosi sasa zinagombewa na watu waliocheza mechi nyingi zaidi katika ligi ngumu zaidi. Makocha nao wanawania kijana yuleyule na vyuo ambavyo zamani havikuwa wapinzani wao katika usajili.

Anayetaka kuifuatilia Denver sasa asianze na jedwali la mabao. Afungue orodha ya kikosi mwanzoni mwa msimu na aangalie mambo matatu kwa kila jina: mwaka wa kuzaliwa, ligi aliyotoka, na kama kuna klabu ya NHL inayoshikilia haki yake. Kikosi chenye kipa wa mwaka wa tatu au wa nne, mabeki wawili au watatu waliochaguliwa NHL ambao bado hawajasaini, na safu ya tatu ya washambuliaji wa miaka 22 na 23, hicho kinafanana na cha 2017, cha 2022 na cha 2024. Kikiwa na kipa mpya na vijana wa miaka 18 kila mahali, kitafunga mabao mengi Novemba, lakini kwenye mtoano wa Machi ndipo kitakapoteseka.